Kichwa, Paja na Mgongo wa Nyumba ya Apelu

Palipokuwa na msiba au harusi kwa Wasamoa wa Porirua, mji jirani na Wellington, na nguruwe ameshatolewa kwenye mawe ya moto, hakuna aliyethubutu kushika kisu mpaka Apelu Faleafa afike. Naye hakuwa na haraka. Alikuja taratibu na msuli wake mweusi, tumbo mbele, akipokea salamu kushoto na kulia kama bwana harusi wa pili. Kisha alinyoosha mkono bila kutazama, na mtu akamwekea kisu kiganjani.

Mgongo kwa machifu. Mapaja kwa wasemaji wao. Kichwa kwa vijana waliopika na kula moshi tangu asubuhi. Ndivyo walivyorithi kwa wazee, na Apelu aliulinda mgawo huo kana kwamba Musa alishuka nao mlimani pamoja na zile amri kumi. Kipande kikienda kwa asiyestahili ni aibu ya miaka. Apelu, ambaye sasa ni marehemu, hakuwa msomi. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha nyama, akiwa na kofia ya nailoni na mabuti meupe, lakini hakuna mtu aliyewahi kuondoka karamuni akilalamika kwamba Apelu alimpa kipande cha mwenzake. Mchungaji alilisema hilo mbele ya jeneza lake mwezi wa pili mwaka huu, na watu wakacheka huku wanalia, maana kila mmoja alikuwa anakumbuka kipande chake.

Waliocheka zaidi ni wale waliojua habari ya mkopo wa nyumba. Kwa sababu Apelu aliukata mkopo nao kwa mtindo uleule, na nusura umwangushe.

Ilianza siku yeye na mkewe Makerita walipokwenda benki kupanga mkopo wao upya. Walinunua nyumba wakiwa watu wazima, baada ya kupanga nyumba za serikali miaka na miaka, na deni lilikuwa kubwa kuliko namba yoyote ambayo Apelu aliwahi kuitamka kwa sauti. Waliketi mbele ya afisa mikopo, binti mmoja wa Kihindi kutoka Fiji aitwaye Artika. Makerita alisikiliza. Apelu alikuwa amekaa wima, macho wazi, amelala.

"Si lazima mkae nao kama gogo moja," Artika alisema. "Tunaweza kuugawa. Sehemu moja tuifungie riba mwaka mmoja, nyingine miaka mitatu, nyingine mitano. Riba ikipanda, haiwapigi kote siku moja. Ikishuka, kuna sehemu itakayowahi kufaidi."

Apelu aliamka.

"Unaugawa?"

"Naugawa, mzee."

"Kwa kisu?"

"Kwa kompyuta."

Makerita alimwona mumewe akikunja mikono ya shati, akajua kwamba mkopo umeshakuwa nguruwe. Kabla hawajatoka pale, sehemu kubwa kabisa, ile ya miaka mitano, ilikuwa inaitwa Mgongo. Ile ya miaka mitatu ikawa Paja. Na ile ndogo, ya mwaka mmoja, ikawa Kichwa. Artika alicheka mpaka akajifuta machozi, lakini aliandika majina hayo pembeni ya kila sehemu. Tangu siku hiyo, Apelu akipiga simu benki, hakuulizia mkopo. Aliuliza, "Habari za Mgongo?"

"Mwanamume mwenzio ana gari la kuringia," Makerita alimwambia njiani. "Wewe una deni lenye viungo."

"Lina mpangilio," alijibu Apelu. "Kitu kisichogawanywa vizuri huleta ugomvi."

Sasa hicho Kichwa, pamoja na udogo wake, kilikuwa na meno. Artika alikipangia marejesho makubwa kila wiki mbili ili kiishe upesi, na marejesho hayo yalitoka kwenye magoti ya Makerita. Mchana Makerita alifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Alfajiri, kabla ya hiyo, alisafisha ofisi mjini Wellington. Siku zote za kazi Apelu alimpeleka kwa gari gizani, upepo ukiwasukuma kama ng'ombe mkaidi, na Makerita aliomba sala yake ya asubuhi humohumo garini, jicho moja limefumba na jingine liko kwenye saa. Goti la kushoto lilianza kuvimba. Baadaye likakataa kabisa kukunjika.

Kwa hiyo wakapatana, mbele ya Mungu na kikombe cha chai: Kichwa kikiisha, funguo za ofisi zinarudi kwa wenyewe. Makerita atalala mpaka kuche kama watu wengine. Hakudai zaidi ya hapo.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka Krismasi. Kiwanda kilimlipa Apelu malipo ya likizo, akarudi nyumbani anang'aa kama mtu aliyebatizwa upya.

"Hela nimekwisha kuipeleka benki," alisema akivua mabuti.

"Umekiwekea Kichwa?"

"Nimeuwekea Mgongo."

Makerita aliacha kumenya viazi. "Apelu. Mgongo umefungwa. Artika alisema usiguswe mpaka muda wake uishe. Ulikuwa wapi alipokuwa anasema?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umelala."

"Sikiliza, mke wangu. Ulitaka nikipe Kichwa kabla ya Mgongo? Vijana wa jikoni wale kwanza, machifu wakiwatazama? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Huu ni mkopo! Hauna watu!"

"Kila kitu kina watu," alisema Apelu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto katekisimu.

Benki ilimtoza faini ya dola mia sita na ushee. Artika aliwaita akawaeleza polepole, mara hii akihakikisha mzee yuko macho. Sehemu iliyofungwa ukiivunja kabla ya wakati wake, unalipia. Ukiwa na hela, ingoje sehemu ambayo muda wake umekwisha. Hapo mlango unakuwa wazi kwa siku chache. Lipa unachotaka bila faini, kisha kilichobaki mnakifunga tena.

"Kwa hiyo anakula yule ambaye mlango wake umefunguka," alisema Apelu, "hata akiwa kijana wa jikoni?"

"Hata akiwa mtoto mchanga, mzee."

Apelu alitikisa kichwa. "Hii desturi si nzuri."

"Ndiyo desturi ya benki."

Jioni ile, katika sala ya familia, ilikuwa zamu ya Makerita kuongoza. Walipofika mahali pa deni, alipunguza mwendo. "Utusamehe deni zetu," alisema, "na umsamehe kwa namna ya pekee yule aliyelipa pasipostahili, akatozwa kwa kulipa." Apelu alisema amina kwa sauti ndogo sana. Watoto, ambao walikuwa watu wazima waliokuja kwa Krismasi, walitazama chini na kuuma midomo.

Mlango wa Kichwa ulipofunguka mwezi wa sita, hapakuwa na cha kulipa. Walikifunga mwaka mwingine na kuanza kuweka akiba upya. Waliweka kwa kujinyima kweli. Makerita hakununua kofia mpya ya Jumapili, na kwa mwanamke wa kanisa lile huko ni kufunga kugumu kuliko kufunga kwa chakula. Apelu aliacha mikate ya nyama ya dukani, akawa anabeba kazini taro baridi, magimbi ya kwao, na kuila kwa huzuni iliyoonekana kutoka mbali. Ilipofika mwezi wa tano wa mwaka uliofuata walikuwa na dola elfu kumi na tisa, na Kichwa kilikuwa kimebaki na kiasi hichohicho, pungufu kidogo. Kingeisha chote. Makerita hakumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe alijizuia kufurahi, asije akamwamsha shetani.

Lakini Apelu alikuwa na moyo wa shukrani, na mtu mwenye moyo wa shukrani hawezi kunyamaza kanisani.

Jumapili moja Mchungaji aliuliza ni nani mwenye jambo la kuombewa. Mama mmoja aliombea operesheni ya mwanawe. Mzee mmoja aliombea viza. Kisha Apelu akasimama ndani ya koti lake jeupe, akakohoa.

"Ndugu zangu katika Bwana, nami naomba mnikumbuke. Mwezi ujao, katikati ya mwezi, mlango wa Kichwa unafunguka..."

Makerita alimvuta msuli.

"...na kwa neema ya Mungu tuna dola elfu kumi na tisa mkononi..."

Makerita alimvuta tena, kwa nguvu ambayo nusura msuli ubaki mkononi mwake na mumewe abaki na koti tu.

"...basi mwombe pasitokee kizuizi chochote."

Kanisa liliomba. Liliomba kwa bidii kuliko lilivyoombea operesheni na viza vikiwekwa pamoja. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na hawakujua kwamba atakuja mtu wa Porirua kulitimiza neno lao hivyo.

Simu zilianza jioni ileile. Mose, mtoto wa binamu yake Apelu, alikuwa anaoa na keki ilikuwa na ghorofa tano. Kwaya ilihitaji sare. Kijijini, kule kisiwa cha Savai'i walikotoka, upepo ulikuwa umeng'oa bati za nyumba ya mchungaji. Zote zilikuwa shughuli za kweli, na waliopiga simu hawakuwa watu wabaya. Ni watu waliosikia tangazo.

"Umewaambia nini?" Makerita aliuliza.

"Nimewaambia nitaangalia."

"Wewe ukiangalia huwa unaona."

"Makerita, nitamjibuje mtu? Niseme sina, na kanisa zima linajua ninacho?"

"Na kanisa zima limejulishwa na nani?"

Apelu alitoka, akaenda kumwagilia mboga ambazo mvua ilikuwa imezimwagilia mchana kutwa.

Makerita alimsema, lakini hakumdharau. Alijua kwa nini mkono wa Apelu haukujua kufumba. Walipofika nchi hii wakiwa vijana walilala sakafuni kwa watu mwaka mzima, na koti la kwanza lililomkinga Apelu na upepo wa Wellington lilitoka mgongoni mwa baba yake Mose. Mtu wa namna hiyo humfundishi kusema hapana. Labda angeweza kubana hapa na pale, dola mia kwa huyu, mia tatu kwa yule, na Kichwa kikaponea chupuchupu.

Kisha, wiki ya pili ya mwezi wa sita, akapiga simu Telesia.

Telesia alikuwa dada yake Apelu, mkubwa wake. Kwa Wasamoa, dada ni agano. Kaka humpa cha kwanza na kilicho bora, na neno la dada halirudishwi. Apelu aliweza kubishana na machifu, na aliwahi hata kumbishia Mchungaji mara moja, habari ya Yona. Kumbishia Telesia hakuwahi tangu azaliwe. Makerita alimwona mumewe akiweka simu chini kwa mikono miwili, kama sahani ya sakramenti.

"Dada anakuja Jumamosi," alisema. "Kuzungumza habari ya jiwe la kaburi la mama."

"Na utamwambia nini?"

"Nitampa..." Alisita. "Labda nusu."

Makerita alijua hesabu ya nusu za Apelu. Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sinki, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote hakupata neno la kutania.

Jumatano, alipotoka kazini, hakurudi nyumbani. Alipanda kilima cha kwa Telesia kwa miguu, akipumzika kwenye kila nguzo ya taa. Mawifi hawa wawili walikuwa wamevumiliana miaka thelathini kwa heshima kubwa na upendo mdogo. Telesia aliamini kaka yake alistahili mke anayejua kuimba. Makerita aliamini Telesia alizaliwa akiwa tayari amekaa kwenye kiti cha mbele.

"Wifi!" Telesia alisema mlangoni. "Leo jua limetokea wapi? Au mmeishiwa chumvi?"

"Chumvi ipo. Nimekuja kukusalimu."

"Hujawahi kunisalimu siku ya Jumatano. Ingia, baridi inaingia kabla yako."

Telesia alikuwa anasuka mkeka sebuleni, nyuzi za ukindu zimetandazwa sakafuni. Aliketi palepale akakunja miguu, mwanamke wa miaka sabini, kwa wepesi wa msichana. "Keti," alisema.

Mgeni hawezi kukaa kwenye kochi na mwenye nyumba yuko chini, tena mwenye nyumba akiwa dada wa mumeo. Makerita alishika mkono wa kochi, akajiteremsha kidogo kidogo mpaka akafika. Mguu wa kulia ulikunjika. Wa kushoto ulibaki umenyooka mbele, ukimwelekea Telesia kama kidole.

Kumnyooshea mtu mguu usiofunikwa ni kumtukana. Telesia aliutazama mguu ule, kisha akamtazama mwenyewe.

"Unaninyooshea mguu, wifi?"

"Haukunjiki."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Kanisani nakaa mwisho wa benchi, hakuna anayeona."

Telesia aliacha kusuka. Alivuta mkeka mdogo uliokuwa kando yake, uliokwisha kusukwa, wa kufungia zawadi, akamfunika Makerita mguu kuanzia paja hadi kidole, akaubana pembeni na kuutandaza vizuri. Halafu akarudi kwenye kusuka kwake.

"Sema sasa," alisema. "Kwa sababu salamu nimezipokea."

Makerita alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, nguzo moja hadi nyingine. Yote yalimtoka. "Wanangu wananicheka nikisema hivi, lakini nimechoka, Telesia. Kichwa kikiisha naacha kazi ya alfajiri. Apelu hawezi kumnyima mtu, na wewe hawezi hata kufikiria kukunyima. Sikuja kukuomba hela. Nimekuja kukuomba usiombe."

"Jiwe la mama yangu lingoje goti lako?"

"Ndiyo." Uso ulimchoma kwa aibu. "Najua ninachosema hakina adabu."

Ukindu ulipita juu, ukapita chini. Nje upepo ulikuwa unapiga lango. Makerita alingoja tusi, hata akaona lingekuwa nafuu.

"Chai yako inapoa," alisema Telesia.

Hakupata jibu jingine. Alikunywa chai, akainuka kwa kushika kochi, akateremka kilima akijilaumu kila hatua.

Jumamosi Apelu aliamka mapema kupasha mawe. Alipika kana kwamba malkia anakuja, na kwa upande wake ndivyo ilivyokuwa: nguruwe mdogo, taro kwenye tui la nazi, tambi za nyama ya kopo. Ilipokaribia saa sita, Mose na wazazi wake wakatokea, eti walikuwa wanapita tu. Mama wa kwaya naye alikuwa anapita. Porirua nzima siku hiyo ilikuwa na njia moja, na ilipita sebuleni kwa Apelu.

Telesia aliingia wa mwisho na gauni lake jeupe la kanisani. Alikula vizuri. Hakumtazama Makerita hata mara moja. Sahani zilipoondolewa alijifuta vidole, kimoja kimoja, na wote wakamgeukia.

"Apelu."

"Naam, dada."

"Hela uliyoitangaza kanisani ipo?"

"Ipo. Yote." Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nusu ilikuwa imeshakufa pale pale. "Ukisema ni yako, ni yako."

Makerita aliinamisha uso. Aliona vidole vyake, ngozi iliyobabuka kwa sabuni za ofisini, akaanza kimoyomoyo kuhesabu miaka mingine.

"Nikisema?"

"Ukisema, dada."

"Basi nasema. Jumatatu utavaa koti lako la Jumapili, utakwenda benki, na hicho Kichwa chako utakimaliza mbele ya macho yangu. Senti isitoke nyumba hii kabla ya hapo. Hata kwa jiwe la mama. Sembuse kwa keki ya ghorofa."

Mose, aliyekuwa amerudia taro, aliacha kutafuna.

"Lakini mama..." Apelu alianza.

"Mama amelala akimngoja Bwana, na wafu hawatozwi riba. Anayetozwa ni huyu." Alimwonyesha Makerita kwa kidevu. "Mwanamume mzima unajua kila kipande cha nguruwe kinakwenda kwa nani, na goti la mke wako hujui limekwenda wapi?"

Apelu aligeuka akamtazama mkewe. Alijua goti linauma, alilipaka mafuta kila jioni. Lakini hakuwahi kulisikia likisemwa mbele za watu, na kwake jambo lisilosemwa mbele za watu lilikuwa kama halijatokea. Halafu Makerita aliona mabega yale mapana yakishuka polepole, mabega ya mtu aliyetuliwa gunia ambalo hakuruhusiwa kulitua mwenyewe. Masikini, alikuwa akingoja mtu wa kumkataza.

"Nimesikia, dada," alisema.

"Mlango wa Paja unafunguka lini?"

"Mwakani, mwezi wa sita."

"Hapo jiwe kwanza, Paja baadaye. Wifi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usinijie tena Jumatano. Jumatano nina mkeka."

"Jumatano gani?" Apelu aliuliza, akimtazama mmoja na mwenzake. Hakuna aliyemjibu, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyemwambia.

Mama wa kwaya aliuliza kama kuna tambi za kufunga aende nazo nyumbani.

Jumatatu walikwenda benki watatu, wamevaa kama watu wa ubatizo. Artika aliwaletea kiti cha tatu, na Telesia akakikagua kabla ya kukikalia. Apelu alitaka kujua kama ni lazima kuuarifu Mgongo kwanza, kwa adabu tu. Artika, ambaye kwa sasa alikuwa ameshaizoea familia hii, alisema ataufikishia salamu. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Kichwa kimekwisha, mzee."

"Chote?"

"Chote."

Apelu alivua miwani akaifuta kwa tai yake. "Bwana asifiwe," alisema, na watu wa kwenye foleni wakageuka, kwa kuwa sauti ile ilizoea kanisa lisilo na vipaza sauti. Telesia alimwambia apunguze. Kisha yeye mwenyewe, chinichini, alisema amina.

Makerita alimaliza wiki yake ya mwisho mjini, akakabidhi funguo, akapewa kadi na boksi la chokoleti ambalo Apelu alilimaliza kabla hawajafika nyumbani.

Jumatatu iliyofuata alizinduka gizani kama kawaida. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwili ulishaanza kuinuka, mkono ukitafuta soksi, ndipo akakumbuka. Alirudi akalala. Upande wa pili Apelu alikuwa anakoroma, yule mwanamume mnene asiyejua siri wala akiba, na joto lake lilikuwa limejaa kitanda chote. Makerita alimsogelea. Alianza sala yake ya asubuhi, macho yote mawili yamefumba. Alimshukuru Mungu kwa usiku, kwa watoto, na kwa Telesia, mtu ambaye hakudhani kamwe kwamba angemshukuru Mungu kwa ajili yake. Alimwombea mumewe uhai. Maneno yalikwenda polepole, hakuna kilichoyaharakisha, na mahali fulani katikati, kabla ya kufika amina, usingizi ulimchukua.